Siku Tatu Peke Yako London: Mwongozo wa Kuona Yale Ambayo Makundi Huyapita

Mtu anayekwenda London peke yake kwa mara ya kwanza hupewa orodha ileile: Big Ben, Tower Bridge, walinzi wa ikulu wakibadilishana zamu. Ni mambo mazuri, lakini huonwa na makundi. Ukisimama peke yako katikati ya familia zinazopigana picha, upweke unaweza kukuvamia mchana kweupe.

Kuna London nyingine, nayo inamfaa mtu mmoja kuliko wawili. Ni ya vyumba vyembamba, vibao vidogo vya kusoma ukutani, pwani ya matope chini ya daraja na njia ya miguu inayopita chini ya mto. Huko anayefaidi ni yule anayeweza kusimama dakika ishirini mbele ya kitu kimoja bila mtu wa kumvuta mkono. Mwongozo huu nimeupanga kwa siku tatu, na nimeacha nafasi nyingi kwa makusudi.

Jambo moja kabla hatujaanza: saa zote nimeziandika kwa Kiswahili. Saa saba mchana ya hapa ndiyo 13:00 utakayoiona kwenye tiketi. Hesabu vizuri kabla hujatoka, maana ukikosea hapo umekosea kwa saa sita nzima.

Hatua ya 1: Anza na kalenda

Makumbusho makubwa kama British Museum hufunguliwa kila siku. Madogo, ambayo ndiyo tunayafuata hapa, yana siku zake. Nyumba ya Sir John Soane hufunguliwa Jumatano hadi Jumapili. Makumbusho ya chuo kikuu cha UCL huwa wazi mchana tu, na Jumapili na Jumatatu hufungwa. Mimi nililijua hilo Jumatatu moja asubuhi, nimevuka mji mzima, mvua inaninyeshea, mlango umefungwa.

Kwa hiyo chagua Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa ina faida ya ziada: jioni hiyo British Museum haifungi mpaka saa mbili unusu usiku, na National Gallery mpaka saa tatu. Usiku ndio wakati mgumu kwa msafiri wa peke yake, hivyo ukumbi wenye joto, usio na kiingilio na usiokuharakisha ni neema. Hata hivyo pitia tovuti ya kila mahali siku moja kabla, kwa sababu ratiba hubadilika.

Hatua ya 2: Viza, kadi, kitanda, simu

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya mgeni. Iombe mapema, na usilipie chochote kisichorudishiwa fedha kabla hujaipata.

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi ya benki ya kugusa, au kadi ya Oyster, yaani kadi ya nauli ya London, kwenye mashine iliyo karibu na dereva. Kwenye basi unagusa unapopanda tu; kwenye treni unagusa unapoingia na unapotoka, na ukisahau kugusa wakati wa kutoka unakatwa nauli ya juu kabisa. Tumia kadi ileile tangu asubuhi mpaka usiku, maana mfumo unajumlisha safari zako na ukifikia kikomo cha siku unaacha kukukata. Ukipanda basi la pili ndani ya saa moja, hulipi tena. Iulize benki yako inatoza nini kwa malipo ya nje. Ikiwa inatoza kila mguso, nunua Oyster.

Kitanda: wakati wa likizo ya kiangazi vyuo vikuu kadhaa vya katikati ya mji hukodisha vyumba vya wanafunzi. Ni vyumba vya mtu mmoja, visafi, na hulipii nafasi ya mtu wa pili ambaye hukuja naye.

Simu: waporaji hupita kwa baiskeli za umeme na kuinyakua mkononi mwa mtu anayesoma ramani. Ukitaka kuangalia njia, ingia ndani ya duka au uelekee ukutani, uipe barabara mgongo. Sikusimulii haya kukutisha. Ni wizi wa kawaida sana pale, na kujikinga kwake ni rahisi.

Hatua ya 3: Alhamisi, nyumba ya mtu na mifupa ya mtu

Saa nne asubuhi uwe mlangoni kwa Sir John Soane, uwanja wa Lincoln's Inn Fields, mwendo mfupi kutoka kituo cha Holborn. Hakuna kiingilio. Soane alikuwa mtoto wa fundi matofali, akawa msanifu majengo wa Benki ya Uingereza, na maisha yake yote alikusanya: vipande vya marumaru, sanamu, michoro, vigae, mpaka kuta zikafunikwa tangu sakafuni hadi darini. Mwaka 1833 alifanya jambo la pekee. Alipitisha bungeni sheria maalumu ya kuiacha nyumba kama ilivyo, ili baada ya kufa kwake iwe ya umma na isiende kwa mwanawe aliyekuwa amegombana naye. Alifariki 1837, na nyumba ingali vile.

Usikimbilie chini. Nenda kwanza kwenye chumba cha picha. Ni chumba kidogo, lakini kina picha zaidi ya 100. Ukiingia utadhani umeshaziona zote. Kaa tu. Mhudumu atakuja, atashika kishikio, na ukuta utafunguka kama mlango wa kabati. Nyuma yake kuna ukuta mwingine wenye picha nyingine, nao unafunguka. Upande mmoja ukifunguka mpaka mwisho, hakuna ukuta tena: unachungulia uwazi unaoshuka hadi ghorofa ya chini, na sanamu ya mwanamke imesimama pale kwenye mwanga wa manjano unaotoka kwenye vioo vya paa. Makundi mengi huchungulia chumba na kuendelea na safari kabla mhudumu hajafika.

Kisha shuka. Chini kabisa kuna jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, la alabasta, limechongwa maandishi madogomadogo ndani na nje. British Museum ilikataa bei yake. Soane akalinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000, na mwaka uliofuata akawaalika watu jioni tatu waje walione kwa mwanga wa taa.

Mchana tembea kwa miguu hadi UCL, Bloomsbury, kama dakika ishirini. Katika jengo la wanafunzi, ndani ya sanduku la kioo, ameketi Jeremy Bentham, mwanafalsafa aliyefariki 1832. Aliacha wosia mwili wake upasuliwe kwa ajili ya elimu, kisha mifupa ivishwe nguo zake mwenyewe na kuketishwa kitini. Kichwa ni cha nta, kwa sababu jaribio la kukausha kichwa chake halisi lilikwenda vibaya. Kwa sisi tuliolelewa tukijua kwamba maiti husitiriwa upesi, ni jambo zito kulitazama. Nilisimama pale huku wanafunzi wakipita na vikombe vya kahawa bila kugeuka, na nilihitaji muda kabla ya kuondoka. Upe moyo muda huo.

Karibu na hapo kuna makumbusho mawili ya chuo hichohicho, yote bure. Grant ni la wanyama: mifupa, vimiminika, vioo, na chupa moja maarufu ambamo fuko 18 wamekumbatiana kwenye dawa ya kuhifadhi. Litapita haraka. Petrie ndilo la kukaa. Ni la mambo ya kale ya Misri, na humo kuna gauni la kitani lililotoka Tarkhan. Lilichimbuliwa 1913 likiwa ndani ya furushi la matambara machafu, na hakuna aliyelitambua mpaka 1977, furushi lilipopelekwa kusafishwa. Vipimo vya kaboni vimeonyesha lina zaidi ya miaka 5,000. Lakini usiitazame namba. Tazama viwiko na kwapa: kitambaa kina mikunjo iliyoachwa na mwili. Mtu alilivaa hili, akainua mikono, akakunja viwiko, akafanya kazi.

Jioni kula kwenye mkahawa ulio chini ya kanisa la St Martin-in-the-Fields, Trafalgar Square. Uko katika pango la zamani la makaburi, dari ni matao ya matofali, na sakafu imetandazwa mawe ya makaburi yenye majina. Unachukua sinia, unachagua chakula, unakaa. Utaratibu wa sinia ni mzuri kwa aliye peke yake, kwani hakuna mtu wa kukuuliza mlangoni mko wangapi.

Hatua ya 4: Ijumaa, vibao, kwaya na mto

Asubuhi lala, au panda basi la ghorofa, kiti cha mbele juu, na uende nalo mbali bila sababu. Kazi ya leo inaanza mchana.

Shuka kituo cha St Paul's, uliza Postman's Park. Ni bustani ndogo iliyoitwa hivyo kwa sababu wafanyakazi wa posta kuu iliyokuwa jirani walikuja kupumzika hapo. Katikati kuna kibanda kirefu cha mbao kilichoegemea ukuta, na ukutani kuna vibao vya kauri zaidi ya 50. Mchoraji George Frederic Watts alitoa pendekezo mwaka 1887: taifa liwakumbuke watu wa kawaida waliokufa wakiwaokoa wengine. Serikali haikulifanyia kazi. Akalifanya mwenyewe, na ukumbusho huo ukafunguliwa 1900.

Kila kibao ni kifupi kama telegramu: jina, kazi, alichofanya, tarehe. Kimoja ni cha Alice Ayres, binti wa kibarua wa fundi matofali, aliyewaokoa watoto watatu kutoka nyumba iliyokuwa ikiungua mwaka 1885, yeye akapoteza maisha. Kingine ni cha Sarah Smith, msanii wa jukwaani aliyejaribu kuuzima moto uliomshika mwenzake, ilhali gauni lake mwenyewe lilikuwa la kitambaa kinachoshika moto haraka. Hiyo ni 1863. Cha karibuni zaidi kiliwekwa 2009, kwa kijana aliyekufa akimwokoa mtoto asizame mferejini.

Ushauri wangu: usivisome vyote. Soma vitano, chagua kimoja, kaa kwenye benchi linalokielekea. Tafsiri maneno yake kwa Kiswahili kichwani, polepole, neno kwa neno. Nilifanya hivyo kwa kibao cha Alice Ayres, na nilipofika kwenye sentensi ya mwisho niliona kwamba Kiingereza kilikuwa kimenificha uchungu wake. Watu wa maofisini hula hapo chakula chao cha mchana. Hakuna atakayekushangaa ukinyamaza, wala ukilia.

Kabla ya saa kumi na moja jioni vuka uende St Paul's. Kuingia kutalii kanisa hilo kunalipiwa zaidi ya pauni 20. Kuingia kwenye ibada ya jioni hakulipiwi. Kwaya huimba karibu kila siku, na siku za kazi kwa kawaida huanza saa kumi na moja. Fika nusu saa kabla, mwambie mlinzi umekuja kwa ibada. Huulizwi dini yako, na si lazima uimbe wala upige magoti. Keti, nyamaza, zima simu. Sauti zikipanda kwenye kuba hukawia kurudi, na kila mstari wa wimbo hukutana na mkia wa uliotangulia. Ni dakika arubaini na tano hivi.

Ukitoka, teremka kwenye daraja la miguu la Millennium. Lilifunguliwa Juni 2000, likayumba kwa miguu ya watu, likafungwa baada ya siku mbili na kurudi 2002. Wengine wote watakuwa wanatazama kanisa nyuma na jumba la Tate Modern mbele. Wewe inama. Kwenye mifereji ya chuma unayoikanyaga kuna madoa ya chingamu zilizotafunwa na kutemwa, na juu yake kuna picha, kila moja ndogo kama sarafu. Ni kazi ya Ben Wilson, msanii anayelala kifudifudi chini na kupaka rangi chingamu hizo badala ya kuchora kwenye mali ya mtu. Kuna majina ya wapendanao, mandhari, nyuso. Piga magoti pembeni, mbali na njia ya watu.

Ng'ambo ya pili kuna ngazi za kushukia ufukweni. Msomaji wa pwani hapa atajisikia nyumbani: mto Thames hupwa na kujaa kama bahari, na wakati wa bamvua tofauti ya maji inakaribia mita 7. Angalia jedwali la maji la Port of London Authority, mamlaka ya bandari, ushuke wakati maji yanapwa na usikae mpaka yageuke. Ngazi huteleza na maji hurudi upesi. Chini utaona vipande vya vyungu, mifupa ya mifugo, misumari, na vijiti vyeupe vyenye tundu, ambavyo ni mashina ya viko vya udongo vilivyovutwa na kutupwa karne nyingi zilizopita. Tazama kwa macho tu. Kutafuta na kuokota, hata bila kuchimba, kunahitaji kibali cha mamlaka hiyo.

Ikiwa ni majira ya joto, maliza usiku kwenye ukumbi wa Globe, hatua chache kutoka hapo. Ule wa kwanza, wa enzi za Shakespeare, uliungua 1613 baada ya mzinga wa maonyesho kuwasha nyasi za paa. Wa sasa ulifunguliwa 1997, umeezekwa nyasi, na kabla yake paa la nyasi lilikuwa halijaruhusiwa London tangu moto mkuu wa 1666. Nunua tiketi ya kusimama uani, ya bei ya chini kabisa. Husimama watu kama 700, na aliye peke yake hupenya mpaka mbele na kuegemeza viwiko jukwaani, mahali ambapo watu wanne hawapati. Mwavuli hauruhusiwi, chukua koti la mvua. Kuketi chini wakati wa mchezo pia hairuhusiwi, kwa hiyo vaa viatu vya maana. Kama ni majira ya baridi, rudi British Museum na ule muda wa Ijumaa niliokutajia.

Hatua ya 5: Jumamosi, Greenwich

Panda treni kutoka London Bridge hadi Greenwich, upande kilima cha bustani hadi kituo cha kale cha falaki. Uwe nje ya lango saa saba kasoro dakika kumi. Juu ya paa kuna mpira mwekundu kwenye mlingoti. Saa saba kasoro tano unapanda nusu. Saa saba kasoro mbili unafika juu. Saa saba kamili unaanguka. Umekuwa ukifanya hivyo tangu 1833, ili manahodha waliokuwa mtoni warekebishe saa zao. Haikuwa saa sita kwa sababu wakati huo wataalamu wa falaki walikuwa wanashughulika kulipima jua. Kuutazama ni bure. Upepo ukiwa mkali, haupandishwi.

Ndani ya ua, kwa kiingilio, watu hupanga foleni kupigwa picha wakiwa wamepanua miguu juu ya mstari wa longitudo sifuri, uliokubaliwa kimataifa mwaka 1884. Wewe fungua ramani ya simu yako. Haitasoma sifuri pale. Sifuri ya setilaiti iko kama mita 102 mashariki, bustanini. Wataalamu wa zamani waliinyoosha darubini yao kwa kufuata mvuto wa mahali pale, kama fundi anavyofuata timazi, na timazi huvutwa kidogo upande na umbo la ardhi; setilaiti hupima kutoka kitovu cha dunia. Tembea taratibu ukitazama tarakimu zikipungua, mpaka usimame mahali pasipo na alama yoyote ambapo simu inasema sifuri tupu. Furaha niliyoipata hapo ni kubwa kuliko ya picha za foleni.

Sasa teremka hadi mtoni, karibu na merikebu Cutty Sark. Kuna kibanda cha mviringo chenye paa la kioo. Wengi hudhani ni choo au kituo cha umeme. Ni mlango wa njia ya miguu chini ya Thames, iliyofunguliwa 1902 ili wafanyakazi waliokaa kusini wafike bandarini kaskazini bila kutegemea kivuko. Will Crooks, aliyewahi kufanya kazi bandarini mwenyewe, ndiye aliyeipigania. Iko wazi saa 24, haina malipo.

Shuka kwa ngazi za mzunguko, hata lifti ikiwa inafanya kazi. Chini, njia ya mita 370 inateremka mpaka katikati ya mto, kisha inapanda, kwa hiyo ukiwa mwanzoni huoni mwisho. Kuta ni vigae vyeupe. Nyayo za mtu aliye mbali husikika kama ziko nyuma yako. Mwanzoni inashtua, kisha unazoea. Karibu na mwisho wa kaskazini njia inabanwa ghafla na bomba nene la chuma: hapo bomu la vita vya pili vya dunia liliharibu, na ndivyo palivyozibwa. Weka kiganja juu ya chuma hicho. Ni baridi hata wakati wa kiangazi. Baiskeli zinapaswa kukokotwa tu, lakini wapo wanaozipanda, basi shika upande mmoja.

Ukiibuka upande wa pili, bustani ya Island Gardens, geuka. Majumba meupe ya chuo cha zamani cha wanamaji yamejipanga ng'ambo kwa ulinganifu kamili, na kilima ulichotoka kiko katikati yake. Mahali bora pa kuiona Greenwich ni nje ya Greenwich.

Kituo cha treni nyepesi za DLR kiko hatua chache. Treni hizo zilianza 1987 na hazina chumba cha dereva, kwa hiyo kiti cha mbele kabisa, penye kioo, ni cha abiria. Simama mwanzoni mwa jukwaa ili ukipate. Panda ya kwenda kituo cha Bank: reli inapanda juu ya mabwawa ya bandari ya zamani, inapita katikati ya maghorofa ya Canary Wharf, kisha mwishoni inazama gizani chini ya mji. Akija mtoto anayekitamani kiti, msogezee; kina nafasi ya wawili.